Fundi wa Vitako

Alipoingia kwenye uwanja wangu wa mbao pale Kimandolu, Fundi hakuziangalia mbao zilizopangwa. Alipita moja kwa moja hadi nyuma, kwenye mabaki, vile vipande vifupi ambavyo wateja wengine huviomba bure wakapikie. Alichuchumaa hapo karibu nusu saa. Aliokota kipande, akakigonga kwa kidole kilichokunjwa, akakisikiliza, kisha akakilamba. Nikadhani nimepata mgonjwa wa akili uwanjani.

"Shikamoo mzee. Unatafuta nini?"

"Marahaba," akajibu bila kugeuka. "Natafuta shingo."

Ndivyo nilivyojua kazi yake. Alikuwa akitengeneza bunduki za zamani, zile shotigani zenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, na hasa vitako vyake, yaani ule mti unaokaa begani mwa mpigaji. Kitako hupasuka shingoni, pale mti unapokuwa mwembamba ili mkono uushike. Kwa hiyo shingo ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa, na mbao ya shingo ndiyo iliyomleta kwangu kwa miaka kumi na saba.

Aliniita Mangi, kama wanavyoitwa wanaume wote wa Kilimanjaro wenye biashara Arusha. Sidhani kama aliwahi kuuliza jina langu lingine. Mimi nilimwita Fundi. Leseni yake ilikuwa na jina, niliiona ukutani kwake ndani ya fremu, lakini hata mkewe alimwita Fundi. Huyo mkewe sote tulimwita Yeyo, mama.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba, mlango wa chuma, kufuli mbili, dirisha moja lenye nondo. Askari walikuja kukagua, wakahesabu bunduki zilizokuwemo, wakanywa chai ya Yeyo, wakaondoka. Ndani mlinukia mafuta ya mbao na petroli. Hakukuwa na kiti cha mgeni. Aliyetaka kukaa alikaa kwenye ngazi ya mlango, mgongo wake kwa Fundi, na mazungumzo mengi tuliyofanya tuliyafanya hivyo, mimi nikitazama migomba, yeye akinikwaruzia msasa nyuma ya kichwa.

Bunduki alizozitengeneza zilikuwa zimeachwa na wazungu wa mashamba ya kahawa. Walipoondoka waliziuza au waliwaachia wanyapara wao, nao wanyapara wakawaachia watoto. Ukizunguka mlima huu wa Arusha, kuanzia upande wetu hadi Oldonyo Sambu, bado utazikuta kwa wazee wachache wenye vibali, za kufukuzia nyani, nguruwe pori na fisi. Chuma chake bado kizima. Mti ndio uliochoka.

"Bunduki haiuawi na kupiga," alikuwa akisema. "Inauawa na mafuta."

Kisha angekueleza, hata kama umeshaelezwa mara ishirini. Mzee anaipenda bunduki yake, anaipaka mafuta kila Jumamosi, anaisimamisha pembeni mwa kabati, mitutu juu. Mafuta yanateremka taratibu kwenye shingo. Mwaka wa kwanza, wa kumi, wa arobaini. Mti unakuwa kama mkate uliolowekwa. Siku anapopiga, shingo inafunguka. "Isimamishe kichwa chini," aliwaambia wote waliokuja kuchukua mali yao. Wote waliitikia. Hakuna aliyefanya, na alijua, kwa sababu bunduki zilezile zilirudi.

Watu walimletea vitako walivyojaribu kuviponya wenyewe. Wengine walizungushia waya. Wengine mpira wa tairi la baiskeli. Wafugaji walivisha shingo ngozi mbichi ya mbuzi, ikakauka juu yake na kuibana, na hiyo Fundi aliiheshimu. Aliikata taratibu kwa wembe, akaihifadhi kwenye mfuko na kumrudishia mwenyewe kama daktari anayekurudishia jino lako. Asichokivumilia ni misumari. Mwinjilisti mmoja alileta kitako chenye misumari mitatu, mtu wa kuheshimika, amevaa koti.

"Mtoto wako akivunjika mguu unampigia msumari?" Fundi akamuuliza.

"Fundi, nilikuwa na haraka."

"Nimekuuliza kuhusu mtoto."

Mwinjilisti akasema hapana. Akaambiwa arudi baada ya miezi miwili.

Hakukosea sana kuhusu muda, kwani kazi yenyewe ilikuwa ya polepole. Alikifungua kitako, akakifukia ndani ya unga wa chokaa juani ili unga unyonye mafuta. Akabadilisha unga. Akabadilisha tena. Ufa ulipokuwa mkavu aliupanua kidogo kwa kabari nyembamba ya mwanzi, akaingiza gundi kwa sindano ya hospitali, akaufunga kwa mpira, akauacha. Mahali palipooza kabisa alipakata, akachonga shingo mpya na kuipandikiza, akafuatisha mistari ya mti wa zamani mpaka ukipitisha kucha husikii kiungo. Niliwahi kumwona akirudia kiungo kimoja mara sita. Mteja asingeona tofauti. Nilimwambia hivyo.

"Mteja haoni," akasema. "Mti unaona."

Lakini mtu huyu hakumiliki bunduki hata moja, na hakuweza kuchinja kuku. Sikukuu zilipofika Yeyo ndiye aliyechinja, yeye akaenda zake kanisani mapema, eti kwaya ina mazoezi. Alikuwa sauti ya nne, besi, kwenye kwaya ya Walutheri pale mtaani, na aligombana na kwaya nzima kwa sababu waliharakisha nyimbo. Ilipobidi bunduki ijaribiwe, alikwenda na mwenyewe kwenye uwanja wa shabaha, akampa, akasogea mbali, akageuka nyuma na kuziba masikio kwa vidole. Baada ya mlio alikimbia kuja kuangalia shingo. Hakuwahi kuuliza kama shabaha imepigwa.

Nilimuuliza siku moja kwenye ngazi anaogopa nini.

"Siogopi," akasema. "Sipendi tu. Mangi, wewe unauza mbao za majeneza?"

"Nauza."

"Unapenda mazishi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sasa niseme lile jambo, maana bila hilo mtu huyu hajulikani.

Alikuja mteja kutoka Oldonyo Sambu, mwanaume wa miaka arobaini hivi, mpole kupita kiasi. Bunduki ilikuwa ya marehemu baba yake, naye alikuwa ameshapata kibali cha kuirithi. Kitako kilikuwa kimepasuka pande tatu. Fundi alinijia siku hiyohiyo na nikampa kipande cha mti wa loliondo nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya mguu wa meza yangu mwenyewe, kigumu, chenye mistari myeusi. Alikifanyia kazi miezi mitatu. Nilikuwepo siku ya kukabidhi. Yule mpole aliishika bunduki kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba shingoni, akatafuta kiungo asikione. Akavua kofia, akaomba tusali. Tukasali, sisi watatu, Mkatoliki mmoja na Walutheri wawili, pale mlangoni. Baada ya kuondoka Fundi aliniambia hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Hakuwa mtu wa kujisifu. Nilimpa mkono.

Miezi minne baadaye yule mpole alimpiga kaka yake risasi kwenye mpaka wa shamba lao. Walikuwa wakigombania hatua chache za ardhi tangu baba alipokufa. Risasi ya kwanza ilimpata mguuni. Kaka akaanguka, akawa anajivuta kwenye mahindi. Ndipo akapiga ya pili. Kisha akaketi kwenye jiwe na kusubiri askari.

Fundi aliitwa mahakamani kama shahidi. Aliniomba niende naye, akavaa suti ya kwaya. Bunduki ilikuwa mezani, ina karatasi ya namba imefungwa kwa uzi. Mshtakiwa alituangalia akainamisha kichwa, kama anavyofanya mtu anayekuona kanisani.

Wakili wake alikuwa kijana mwerevu. Alikuwa na njia moja tu ya kumwokoa mteja wake, nayo ilipita kwa Fundi. Kama kitako kililegea, kama kazi ilikuwa mbovu, basi labda bunduki ilishtuka mkononi ikafyatuka yenyewe mara ya pili.

"Fundi," akauliza, "kitako hiki kilikuwa kimepasuka vipande vitatu. Je, inawezekana kwamba pale ulipounga palilegea?"

Fundi akaomba aishike. Wakampa. Aliigeuza, akaipeleka karibu na dirisha, akapitisha ukucha shingoni, akairudia tena. Mahakama nzima ilimngoja. Nilimjua. Nilijua kwamba dakika ile hakumkumbuka mtu yeyote mle ndani.

"Haikulegea," akasema. "Haitalegea."

Wakili wa serikali akasimama na swali lake moja. "Na kama usingeitengeneza, ingeweza kupiga?"

"Ingepiga mara moja."

"Na mara ya pili?"

Hapo ndipo nilipoona amerudi kutoka kwenye ule mti. Alimtazama mshtakiwa, akatazama benchi alilokaa mjane wa kaka.

"Mara ya pili isingewezekana," akasema. "Kitako kingemvunjikia mkononi."

Mshtakiwa alihukumiwa kunyongwa. Hadi leo yuko gerezani. Mjane na watoto walihama, na lile shamba lenyewe, nasikia, sasa ni vichaka.

Tulirudi kwa gari langu. Tulipofika kwenye geti lake akashika mlango wa gari, hakuufungua.

"Yule wakili alitaka neno moja tu," akasema. "Inawezekana. Ningesema inawezekana."

"Ungesema uongo, Fundi."

"Ndiyo," akasema. "Neno moja."

Tangu siku hiyo hakuunga kitako kingine. Alianza kununua.

Alikuwa na kibali cha kununua mabovu kwa ajili ya vipuri, na alikitumia kama mtu aliyetumwa. Alipanda basi kwenda Ngaramtoni siku za soko, akasimama kwa wauza ng'ombe, akauliza wazee nani ana bunduki iliyopasuka, hata aliyowahi kuiunga yeye. Alipanda hadi Oldonyo Sambu kwa miguu. Akikubaliana na mwenyewe walikwenda pamoja kituoni, wakasaini, akaikabidhi hapohapo ikateketezwe. Askari walimzoea. Mmoja alimuuliza, "Mzee, hii dawa umepewa na mganga gani?" Kilichobaki kwake ni vitako tu, kwa sababu mti si silaha. Alivileta nyumbani ndani ya gunia.

Watu walisema amepata soko la siri Nairobi. Wengine walisema amerogwa. Ukweli ni kwamba aliuza ng'ombe wa kwanza, kisha wa pili, kisha kipande cha kiwanja kilichokuwa cha kujengea mtoto.

Yeyo alinijia uwanjani, akakaa juu ya mbao, akakunja kanga yake magotini.

"Mangi, kaongee naye. Ng'ombe wangu wawili wamegeuka chuma, na chuma chenyewe sikioni."

Nilikwenda. Nilimkuta jikoni kwa nje, ameketi kwenye kigoda. Yeyo alikuwa amechoka kubishana, akaanza kupika makande kwa vile vitako. Mti ulionyonya mafuta miaka arobaini unawaka kwa moshi mweusi mzito, na sufuria yote ilikuwa masizi. Fundi alikuwa akivitazama vinavyoungua. Vingine vilikuwa na viungo vyake mwenyewe, vya zamani.

"Unaona?" akaniambia. "Kiungo ndicho cha mwisho kuungua."

Sikujua kama alisema kwa fahari au kwa uchungu. Nilimwambia kuhusu ng'ombe. Nikamwambia kwamba bunduki zimejaa, hataweza kuzimaliza, na mtu mwenye nia atatumia panga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua," akasema. "Lakini hizo nyingine sikuziunga mimi."

Nadhani angeendelea mpaka nyumba iishe, kama si mtu mmoja wa Ngaramtoni. Tulikuwa tumesimama pamoja sokoni, mimi nimepeleka mirunda ya kujengea, mtu huyo akaja kutoka ng'ambo ya barabara amenyoosha mikono, akamkumbatia Fundi. Alikuwa amemuuzia bunduki ya babu yake mwaka uliopita.

"Mzee, shikamoo. Mungu akubariki sana. Ile hela yako niliongezea kidogo, nikafuata taratibu, nimepata mpya. Inaingia risasi tano. Na kitako chake ni cha plastiki, hakipasuki."

Alisema hivyo kwa nia njema kabisa, kama anayemletea fundi habari za ufundi.

"Hakipasuki," Fundi akarudia.

"Hata ukiitupa kwenye mawe."

"Hongera," akasema Fundi. Akamshika mkono.

Hakununua tena. Leseni ilipokwisha hakuihuisha. Askari walikuja wakatoa kufuli, wakaandika kwamba chumba ni kitupu. Mikono yake ilianza kutetemeka, kwanza wa kushoto, halafu yote. Yeyo alifariki masika yaliyofuata, kwa kifua, na nyumba ya Kimandolu ikauzwa. Alikwenda kuishi kwa binti yake Ngaramtoni, anayeuza mitumba. Kwaya iliimba kwenye mazishi ya Yeyo, na waliimba polepole kwa kumheshimu, lakini yeye hakuimba.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka jana, mwezi wa nane, wakati wa vumbi. Nilikuwa nimeshusha mbao kwa mtu, nikapita kumsalimia. Binti alitupa chai uani. Fundi alishika kikombe kwa mikono miwili na bado kilimwagika. Tuliongea kuhusu bei ya saruji, na kuhusu meno yake.

Akaingia mama mmoja mtu mzima, amefunga kitu kwenye kitenge. Alisalimia kwa Kimaa, kisha aliponiona mimi akahamia Kiswahili. Alikuwa ametoka Oldonyo Sambu. Alikuwa ameulizia tangu asubuhi nyumba ya yule mzee wa bunduki. Akafungua kitenge, na ndani kulikuwa na kitako, kimepasuka shingoni kwa urefu, ufa mmoja safi.

"Sitengenezi, mama," Fundi akasema. "Niliacha."

"Niliambiwa. Nimekuja hivyohivyo." Akaketi bila kukaribishwa. "Fisi wamechukua mbuzi wanne tangu mvua iishe. Juzi walifika mlangoni. Mwanangu ana kibali, bunduki ni ya baba yake, lakini imepasuka."

Fundi alikitazama kitako. Kisha akauliza, "Mwanao ana ndugu?"

"Anaye mmoja."

"Wanaelewana?"

Yule mama alitazama chini. Alikuwa mtu mkweli. "Hawasalimiani," akasema. "Mambo ya shamba."

Nilimtazama Fundi. Alifumba macho. Nilidhani atamwambia aende. Lakini mkono wake ulishatoka pajani, unatetemeka, ukafika kwenye ule mti, na ulipoushika ukatulia kidogo. Akapitisha kidole gumba kwenye ufa, kwenda na kurudi.

"Huu haujaoza," akasema polepole. "Umepasuka tu."

Kisha akaanza kumweleza. Sijui kama alikusudia. Alimweleza unga wa chokaa na jua, siku ngapi, aubadilishe lini. Alimweleza kabari ya mwanzi, isiwe nene. Alimweleza gundi ya chupa mbili zinazochanganywa, ipashwe kidogo iwe nyepesi, iingizwe kwa sindano kuanzia chini. Alimweleza jinsi ya kufunga mpira, kuanzia katikati kwenda nje. Yule mama alirudia kila hatua kwa sauti, kama anayejifunza sala, na alipokosea Fundi alimsahihisha. Mimi nilikaa pale na kikombe changu.

Mama akafunga kitako kwenye kitenge, akamshukuru, akampa baraka, akatoka. Tukasikia pikipiki ikiwashwa barabarani.

Fundi alibaki ameangalia mikono yake. Dakika tatu, labda tano. Halafu akainua kichwa kwa ghafla na kumwita binti yake.

"Mkimbilie yule mama. Mwambie asiitengeneze. Mwambie nimekosea, haitashika."

Binti akatoka mbio, akarudi akihema. "Ameshaondoka na bodaboda, baba. Ameshapanda barabara ya Oldonyo Sambu."

"Mpigie simu."

"Hatukuchukua namba. Hata jina hatukumuuliza."

Akanigeukia mimi. Hakuniomba. Alinitazama tu, na gari langu lilikuwa limesimama nje ya geti, tupu, lina mafuta, na bodaboda iliyobeba mama mzee haiendi kasi. Niliwaza wale fisi mlangoni. Niliwaza ndugu wawili wasiosalimiana. Nikajiuliza, hata ningemfikia ningemwambia nini, na nani angeniamini.

"Chai imepoa," nikasema.

Binti akaja na birika, akaniongezea, nami nikainywa.